Shukrani za Makelele

Itumbe,
3 Machi 1968

Kwa binti yangu Persis,

Huku kwetu tuko. Mama yako Loice hajambo ila goti, na hilo goti siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kaka yako Nehemiah amepanda chai mpaka karibu na choo; nimemwambia ikifika mlangoni nitahamia kwake. Ng'ombe mweusi amezaa. Mimi mwenyewe meno yamepungua lakini mdomo umebaki.

Najua utacheka ukiona Kiswahili. Hiki changu nilikiokota jikoni kwa mzungu kule Kericho nikimpikia viazi, na shule yangu iliishia darasa la pili mwalimu alipochoka na mimi. Lakini nina akili yangu. Mama mkwe wako Jemimah anasoma Agano Jipya la Ekegusii kutoka Mathayo mpaka Ufunuo bila kupumua. Nikikuandikia kwa lugha yetu, yeye ndiye atakayekusimulia barua yako. Hiki Kiswahili kitamkwama kooni.

Sasa habari yenyewe. Mtoto wako alizaliwa Desemba. Ukaniletea mstari mmoja: "Mtoto wa kiume amezaliwa." Hata tangazo la chifu kuhusu kuogesha ng'ombe lina maneno zaidi.

Unajua desturi yangu tangu ulipokuwa mdogo. Kila asubuhi kabla ya uji nasimama mlangoni, natema mate kidogo upande wa jua kama baba yangu alivyofanya, halafu namshukuru Mungu kwa kila mtoto na kila mjukuu, kwa jina lake, na jambo moja alilofanya. Kwa sauti. Majirani wanasema watoto hawatajwi hadharani hivyo, wenye macho mabaya watasikia. Wasikie. Lakini nikifika kwako nasema, "Na yule wa Persis." Ni kama kusalimia mgongo wa mtu. Nipe jina, na jambo moja alilofanya, hata kama ni kulia.

Ni mimi baba yako,
Cleophas Nyangate


Nyamira,
21 Aprili 1968

Kwa Tata mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na wote wa nyumbani. Sisi ni wazima. Mume wangu Manasseh bado ni karani kwenye chama cha kahawa. Mama Jemimah anawasalimu. Mvua ni nyingi, mahindi yamelala chini.

Mtoto anaitwa Ombati, jina la babu wa Manasseh. Ni mzima. Ananyonya vizuri, ni mzima.

Tata, nina ombi moja. Usimtaje asubuhi. Wataje wengine, una wajukuu wa kutosha. Akikua kidogo nitakuambia. Pia hatutaweza kuja mwezi wa Sita kama nilivyokuwa nimesema, barabara ni mbaya.

Ni mimi binti yako,
Persis


Itumbe,
12 Mei 1968

Kwa binti yangu,

Salamu zimefika na mama yako amezigawa kwa kila aliyepita njiani. Nehemiah amenunua baiskeli na tayari ameiingiza mtaroni. Yeye amepona, baiskeli bado inauguzwa.

Barua yako ni fupi lakini nimeisoma sana. Umeandika "ni mzima" mara mbili juu ya mtoto mmoja. Halafu ukiwa mwezi wa Nne umeshajua barabara itakuwa mbaya mwezi wa Sita. Hao watu wa barabara wakuajiri upesi, maana wao hawajui hata ya kesho.

Nikuambie habari za hapa ucheke. Mzee wa kanisa, Obwocha, alikuja juzi mapema, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nilikuwa bado mlangoni.

"Bwakire, Nyangate."

"Bwakire, mzee. Mbona unatembea kama mwizi?"

"Nimetumwa na baraza. Wanasema unaabudu jua."

"Mimi?"

"Unalitemea mate kila asubuhi. Watu wamekuona."

Nikamuuliza, "Obwocha, wewe ukitaka kumwabudu mtu, unamtemea mate?"

Akapangusa tope kwenye kiatu kimoja. Akasema basi nipunguze sauti, angalau Sabato, maana natangaza watoto wangu kama mnada. Nikamwambia Sabato ndiyo siku hawana kazi, wana nafasi ya kunisikiliza. Akanywa uji, akaenda. Nadhani ataniandika vibaya kwa hao waliomtuma.

Ombi lako nimelisikia. Nimelikataa. Tangu barua yako ifike nasema kila asubuhi, "Asante kwa Ombati, ananyonya vizuri." Ndilo neno pekee ulilonipa na linaanza kuchakaa. Nipe lingine. Na hicho unachokificha kiandike. Mimi ni mzee, sishtuki, nimekwisha kumwona mzungu akioga.

Baba yako


Nyamira,
7 Julai 1968

Kwa Tata,

Nakusalimu. Mwambie Mama sweta aliyotuma imefika na inamtosha.

Jumatano Orpah, yule msichana wa jirani yenu aliyeolewa huku mwaka jana, alikuja kutusalimia. Akamwambia Mama Jemimah, mbele yangu, akicheka, "Mjukuu wenu anatajwa Itumbe kila asubuhi, hata wachuma chai wanamjua." Alipoondoka Mama Jemimah alikaa jikoni bila kugusa chakula. Baadaye akasema, "Baba yako anataka watu waje kumtazama." Kisha akafunga mlango, mchana, na jua nje.

Basi nitakuandikia. Mguu wake wa kushoto umepinda kwa ndani. Unyayo unatazama mguu mwenzake. Alizaliwa hivyo. Mkunga alitazama akamfunika upesi. Tangu siku ile hajatolewa nje mchana. Wageni wakija tunasema amelala, au ana homa. Miezi saba ana homa.

Usifikiri Mama Jemimah ni mbaya. Alinipikia uji wa wimbi siku arobaini na hakuniacha nishike jembe. Lakini alikuwa na kaka aliyekuwa akitambaa mpaka utu uzima, na anasema watu walikuwa wakitoka vilima vya mbali kuja kumwona, wanaleta na watoto wao waone. Anasema hatakubali mara ya pili. Manasseh anasema tungoje. Hasemi tungoje nini.

Kwa hiyo nakuomba kama binti anavyomwomba baba yake, nyamaza. Kushukuru ni rahisi kwako, kwa sababu chai inaota na watoto wako wanatembea. Mimi kila asubuhi nafungua ile nguo, naangalia mguu, na sioni la kushukuru. Unalofanya ni makelele tu. Mwaka ule surua ilipowachukua kaka zangu wawili, wewe ulishukuru nini asubuhi ile? Mama hajawahi kuniambia. Niambie wewe.

Persis


Itumbe,
4 Agosti 1968

Kwa binti yangu,

Mama yako anakusalimu, na goti linakusalimu. Majani ya chai ni mengi, tunashinda kwenye banda la kupimia mpaka miguu inaota mizizi.

Barua yako niliisoma nyuma ya zizi, kwa sababu mama yako hajui kusoma karatasi lakini uso wangu anausoma. Halafu nikamsomea yote. Alichukua nguo zilizokuwa safi akaenda kuzifua.

Umeuliza habari ya asubuhi ile. Sikukupenda ulipouliza, lakini swali ni lako. Wawili walikwenda katika wiki moja. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, umelazwa karibu na moto, macho yameshikana kwa usaha, na ulikuwa umekauka siku mbili, hata mkojo hakuna. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Nikatoka mlangoni. Mama yako akanishika koti, akasema, "Leo nyamaza." Nikamwambia, "Leo ndiyo siku yenyewe." Nikatema mate yangu, nikasema, "Asante, Persis amekojoa."

Basi. Ndiyo shukrani yangu ya siku ile. Watu walidhani nimerukwa na akili. Na usifikiri niliisema kwa upole, kama Obwocha anavyofumba macho kanisani. Niliisema kama mtu aliyeibiwa, anayemwonyesha mwizi kitu alichosahau kuchukua. Mengine ya siku ile siyaandiki.

Sasa nisikilize vizuri. Sikukuambia umshukuru Mungu kwa mguu uliopinda. Mimi mwenyewe nimemwambia kwamba mguu ule sikuupenda, na kama alikuwa na haraka angeacha kazi akamalizia kesho yake. Kanisa likisikia hilo nitafutwa mchana kweupe. Lakini shida imekuja nyumbani kwako, imekaa kitako, inangoja kitu kimoja tu: uone mguu, usimwone mtoto. Na inashinda! Umeniandikia kurasa mbili. Mguu umo. Mlango umo. Wageni wamo. Ombati amefanya nini? Hayumo. Anacheka? Ana jino? Akiamka ananuka nini?

Kila siku neno moja juu yake. Ukiwa na furaha, neno moja. Ukiwa na hasira mpaka unataka kuvunja chungu, vunja chungu, halafu neno moja. Kama huna mlango wa kusimama, sema jikoni. Kama unaogopa, nong'ona. Mimi nitaendelea kukusemea kwa makelele, na hilo siliachi, hata uje na Jemimah na polisi wa Kisii.

Na huyo Jemimah mwambie simchukii. Habari ya kaka yake imenikaa rohoni. Nadhani wale watu walikuja kutazama tu, kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani aliyetoka mlangoni akawaambia huyu ni nani.

Baba yako


Itumbe,
10 Novemba 1968

Kwa Persis,

Miezi mitatu bila barua. Kwanza nilisema ni posta. Halafu nilisema ni mvua. Sasa naona ni wewe.

Mama yako alikuja kwenu mwezi uliopita na goti lake, na mkungu wa ndizi kichwani. Akaambiwa mtoto amelala. Alikaa mpaka jua likaelekea kuzama, mtoto amelala tu. Ukampa chai, ukampa kuku, ukamsindikiza. Aliporudi alisema kitu kimoja: "Persis amekonda." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Kanisa limenisimamisha ushirika kwa ajili ya yale mate. Nakaa benchi la nyuma na wavulana wanaotafuna miwa. Si pabaya, wanajua habari zote za mji.

Asubuhi bado nasema, "Asante kwa Ombati, ananyonya vizuri." Ana karibu mwaka, huenda ameacha. Natangaza habari za zamani kama gazeti la kufungia nyama. Mimi na aibu hatujuani, lakini hili linanisumbua.

Sikuombi msamaha. Nakuomba neno moja.

Baba yako


Nyamira,
19 Januari 1969

Kwa Tata mpendwa, na Mama,

Nawasalimu sana, na Nehemiah na baiskeli yake. Huku kahawa imeiva, wanawake wote wako shambani. Tata, kaa kwenye kiti kabla ya kusoma.

Barua yako ya Agosti nilitaka kuichoma. Niliiweka jikoni kwa kazi hiyo. Kesho yake asubuhi nilikuwa peke yangu na Ombati, nikasema kwa hasira, ili nikuandikie kwamba haifai kitu, "Asante, leo ameniuma ziwa." Akacheka. Nikakasirika zaidi. Lakini kesho yake nikajikuta nikitafuta neno lingine. Ana meno manne. Ana masikio yako, pole kwake. Anamchukia jogoo. Siku nyingine sikuwa na neno kabisa, nikasema tu, "Yupo," nikaenda kuteka maji. Mama alipokuja na kurudi bila kumwona, nilisema "Yupo" siku nyingi mfululizo, nalia. Ndiyo maana sikuandika. Ningeandika nini?

Sikujua Manasseh anasikia. Asubuhi moja nimekwisha kunong'ona langu, nikasikia kutoka kitandani, "Na jana alinivuta masharubu. Umelisahau hilo." Halafu akajigeuza ukutani kama mtu aliyelala. Tangu siku hiyo tunasema wawili.

Sabato iliyopita ilikuwa zamu ya watoto kuwekwa wakfu. Mama Jemimah alipanga kila kitu. Alimfunga Ombati kwenye blanketi kubwa la kijivu, mpaka kidevuni, jua la Januari hilo, mtoto anatoka jasho kama mchoma mkaa. Akaniambia, "Ukifika mbele usikae. Mchungaji akimaliza, rudi upesi." Akalikaza tena lile blanketi, Tata, na mimi nikamwitikia.

Tukafika mbele. Mchungaji, mgeni aliyetoka mbali, akauliza kama wazazi wana neno la shukrani. Kwa kawaida baba ndiye husema. Manasseh alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Ombati amefura uso kwa joto. Na mimi nikaona kwamba nikirudi kukaa na lile blanketi, nitamfunga hivyo mpaka aoe.

Nikalifungua. Lote. Likaanguka chini. Nikamwinua juu mguu ukining'inia, nikasema kwa Ekegusii, na sauti sijui ilitoka wapi, ilikuwa yako kabisa:

"Huyu ni Ombati. Ana mwaka mmoja na zaidi. Mguu wake umepinda, mmeuona, habari ya mguu imekwisha. Jana amemwita mbwa kwa mara ya kwanza, na mbwa akaja. Namshukuru Mungu kwa hilo!"

Hakuna aliyesema amina. Nilihesabu vigae vya paa kwa macho. Halafu mzee mmoja huko nyuma akauliza kwa sauti, "Mbwa alikuja kweli?" Na Manasseh akajibu, "Alikuja." Akainama, akaliokota blanketi, akalikunja vizuri kama anavyokunja gazeti, akaliweka chini ya kwapa lake. Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya. Ombati akashika tai ya mchungaji, ikabidi tumfungue vidole.

Mama Jemimah alikuwa ametoka nje.

Baada ya ibada muuguzi wa zahanati alinifuata mpaka chini ya kilima. Hakunisalimia. Alisema, "Mtoto huyu mmemweka wapi mwaka mzima? Hii huanza kufungwa plasta akiwa mchanga." Nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ndani." Akasema tumlete hospitalini Jumatatu hiyo hiyo.

Mama Jemimah hakusema na mimi Sabato yote wala Jumapili. Jumatatu nimemfunga mtoto mgongoni nitoke, nikamkuta amesimama njiani, amevaa gauni la kanisani.

"Unatembea kama konokono," akaniambia. "Lete nimbebe mimi."

Akambeba kifuani, bila blanketi, mguu uko nje. Tukapita sokoni katikati. Alipita akimtazama kila mtu machoni, kama anayetafuta wa kupigana naye. Hakumpata.

Amefungwa plasta mpaka gotini. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema tumechelewa, huenda mguu utanyooka, huenda utanyooka nusu. Hilo "tumechelewa" nalibeba mwenyewe, usinitanie juu yake. Mwezi wa Nne kukiwa na nafasi baina ya plasta na plasta tutakuja, barabara iwe mbaya au nzuri. Mama Jemimah anasema naye atakuja, akuone kama unavyosemwa.

Neno la leo: amegonga ile plasta kwenye sufuria, akaona inalia, na sasa hatulali mchana.

Binti yako,
Persis


Itumbe,
2 Februari 1969

Kwa binti yangu Persis,

Tuko wazima wote. Nimeandika mara moja tu, uamini.

Nilikaa kwenye kiti kama ulivyosema. Nilipomsomea mama yako, aliniambia nirudie pale pa Jemimah sokoni, nikarudia mpaka ulimi ukachoka. Alicheka halafu akaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Mimi nilikuwa na moshi machoni. Moto ulikuwa haujawashwa, lakini moshi ulikuwepo.

Ya kuchelewa sitakutania. Mimi ndiye niliyekupigia kelele kurasa ngapi, na hospitali haikuniingia kichwani hata mstari mmoja. Tutalibeba wawili, tena na Manasseh, na Jemimah ashike pembe moja.

Kesho yake nilisimama mlangoni nikatangaza habari ya mbwa. Obwocha alikuwa anapita kwenda kukamua. Akasimama. Nikajua ananiandika tena.

"Nyangate, huyo ndiye yule wa kunyonya vizuri?"

"Ndiye."

"Na mbwa akaja?"

"Baba yake ni shahidi."

"Mbwa wangu hata mimi nikimwita haji," akasema, akaenda zake. Bado nimesimamishwa kanisani, lakini nadhani sasa wananisikiliza ili wajue yanayoendelea.

Mje mwezi wa Nne. Jemimah aje, nitamchinjia jogoo, na akitaka kugombana nitampa nafasi. Lakini nikuambie mapema ili usinishangae. Asubuhi ya kwanza nitawataja Nehemiah na wanawe, na wewe, na wote. Nikifika kwa Ombati nitaondoka mlangoni. Mtoto yule si wangu kumsemea tena. Alipata wa kumsemea siku ile mlipokuwa mbele ya watu. Utasimama pale wewe, umbebe na plasta yake, na Manasseh akitaka aongezee kutoka kitandani. Mimi nitakuwa nyuma yako, nina njaa, nangoja umalize tunywe uji.

Tena upaze sauti, mama. Obwocha anakaa ng'ambo ya mto, na sikio lake la kushoto limeanza kuzeeka.

Baba yako,
Cleophas Nyangate